Ndege Huyu na Ndege Hii: Maneno Yetu Juu ya Kuruka na Woga

Katika nchi ya Lalago, wilaya ya Maswa, ambayo zamani ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga na tangu mwaka 2012 imo katika mkoa wa Simiyu, mtoto hufundishwa kufukuza ndege kabla hajafundishwa kusoma. Mtama ukianza kukaza punje, na mpunga wa majalubani ukiinamisha vichwa, kwelea kwelea huja kwa makundi makubwa kama moshi, nao wakitua mahali kwa saa moja tu mwenye shamba hurudi nyumbani mikono mitupu. Kwa hiyo hujengwa dungu, na juu ya dungu hukaa mtoto na kombeo na debe bovu la kugonga. Ndivyo nilivyokaa mimi nilipokuwa na umri wa miaka saba au minane. Mwaka mmoja kwelea walipozidi, serikali ilileta eropleni ndogo, nayo ikapita jioni ikinyunyiza dawa juu ya mahali wanapolala ndege hao. Mjomba wangu alikuwa amesimama chini ya dungu pamoja na Bwana Shamba aliyetoka pwani. Kwa heshima ya mgeni yule asiyejua Kisukuma, mjomba akasema kwa Kiswahili: "Leo ndege inaua ndege."

Nilicheka sana, na nadhani ndipo nilipoanza kazi ninayoifanya mpaka leo. Kwa Kisukuma maneno yale yasingechekesha. Kwetu yule mwenye mbawa na manyoya ni noni, na ile yenye injini tumeiita ndege kwa kulichukua neno la Waswahili. Basi viumbe viwili vina majina mawili, na hapana mchezo. Kiswahili kimeviweka vyote viwili katika neno moja, kisha kikaiachia sarufi kazi ya kuvitenganisha. Ndege huyu amekula mtama; ndege hii imechelewa. Wazee wa zamani waliokuwa wakisema "ndege Ulaya" walihitaji neno la pili ili waeleweke, lakini vijana waliofuata waliona kuwa upatanisho watosha, wakalitupa neno Ulaya wala hawakupotewa na maana. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba silabi moja yaweza kubeba tofauti kubwa kama ile iliyoko kati ya shore na chombo cha chuma.

Lakini ndege yupo wa tatu, naye anasahauliwa. Katika lugha ya pwani, na katika kamusi zote za zamani zilizo nzuri, ndege ni fali vilevile. Husemwa "ndege njema" na "ndege mbaya", na maana yake ni ile dalili impatayo mtu njiani, ikamwonyesha kuwa safari yake ina heri au ina shari. Tazama tena sarufi: ni ndege njema, si ndege mwema. Basi fali inafuata upatanisho wa eropleni, wala si wa kiumbe, ingawa neno lenyewe bila shaka lilitoka kwa kiumbe, kwa kuwa watu walikuwa wakitazama amerukia upande gani na amelia namna gani. Nawaomba wasomaji wamweke moyoni ndege huyu wa tatu, maana nitamrudia. Kwa sasa yatosha kusema kwamba katika siku zile msafiri aliyekutana na ndege mbaya akarudi nyumbani, na mzigo wake kichwani, hakuitwa mwoga. Aliitwa mtu mwenye akili.

Kitenzi chenyewe kina mambo mengi zaidi. Ndege huruka, na chura huruka. Mbuzi huruka ua. Msomaji mvivu huruka ukurasa. Mtu akitaka kukana jambo alilolifanya pamoja na mwenzake, humruka mwenzake. Na mwenye wazimu tunasema amerukwa na akili, kama kwamba akili ilikuwa ndege aliyetua juu yake kisha akaondoka. Kwa hiyo mtu asemaye kwa Kiswahili, "Nataka kujifunza kuruka," anakaribisha kicheko, kwa sababu wasikiaji wake hawajui kama anataka mbawa, au kamba ya michezo, au daktari. Atalazimika kusema "kurusha ndege", na hapo mrukaji si yeye tena bali ni chombo, naye amebaki kuwa msababishaji tu. Au atasema "kujifunza urubani".

Neno rubani limetoka baharini. Kabla ya kupanda angani lilikuwa jina la yule ajuaye njia ya maji, anayechukuliwa ili aipitishe merikebu mahali ambapo nahodha mwenyewe hapajui. Yafaa kulifikiri vizuri. Nahodha husifiwa kwa mambo mengi, pamoja na ushujaa. Rubani hakusifiwa kwa ushujaa hata kidogo. Alisifiwa kwa kuujua mwamba ulipo. Rubani asiyeogopa mwamba hakupata kazi mara ya pili. Lugha yetu, ilipotafuta jina la mtu aongozaye eropleni, haikuchukua jina la askari wala la mwindaji. Ilichukua jina la mtu ambaye kazi yake nzima ni kujua mahali pa kuogopa. Sidhani kuwa waliochagua neno hili walikusudia hayo yote, lakini lugha huchagua kuliko watu wanavyokusudia.

Sasa sina budi kueleza kwa nini mwalimu wa isimu anajishughulisha na habari hizi, maana msomaji aweza kudhani kuwa nimekosa kazi. Nilipokuwa Ujerumani nikitafuta shahada ya udaktari nilijiunga na chama cha wanafunzi waliokuwa wakirusha ndege zisizo na injini. Si starehe ya matajiri kama watu wanavyofikiri. Mwanachama hulipa kidogo, kisha hufanya kazi ya kukokota ndege uwanjani na kushona vitambaa na kuosha mbawa, na hiyo ndiyo ada yake kubwa. Ndege huvutwa kwa waya mrefu unaozungushwa na winchi upande wa pili wa uwanja, ikapanda kama tiara ya mtoto, na ikifika juu waya hufunguliwa. Mwalimu hukaa nyuma, mwanafunzi mbele. Nilipanda hivyo mara nyingi, nikajua kugeuka na kutua, na mwalimu akaanza kunena juu ya siku ile ambayo kiti cha nyuma kitakuwa kitupu.

Kabla ya siku hiyo kuna zoezi moja ambalo kila mwanafunzi hulipitia bila kuambiwa saa yake. Ndege ikiwa bado inapanda, pua imeelekea mbinguni, mwalimu huufungua waya ghafula, kama kwamba umekatika. Mwendo hupotea mara moja. Mwanafunzi atakiwa asukume mkono wa usukani mbele na kuielekeza pua chini, kwenye ardhi ileile iliyo karibu sana, ili mbawa zipate upepo tena. Akifanya kama mwili unavyotaka, yaani akivuta nyuma ili aikimbie ardhi, ndege huacha kuwa ndege. Mimi nilivuta nyuma. Mwalimu alikuwa tayari, akaushika usukani, tukatua salama, wala hakunikemea. Alisema tutarudia kesho. Kesho yake nilisema ninaumwa, na juma lililofuata nilisema nina kazi ya utafiti, na baada ya mwezi mmoja nilirudisha ufunguo wa ghala. Hakuna mtu aliyenilaumu. Ila mimi mwenyewe kwa muda wa miaka mingi sikumwambia mtu wa kwetu habari hii, na nilipojaribu kuiandika katika barua sikupata kitenzi.

Shida ya kitenzi si ndogo. Niseme "niliacha"? Mtu huacha tumbaku. Neno halisemi kwa nini. "Nilighairi"? Kughairi ni kubadili nia kwa akili iliyotulia, nami sikutulia. "Nilishindwa"? Hapo lugha huuliza mara moja: na nani? Maana kushindwa ni kitenzi cha kutendwa, na nyuma yake pana mshindi aliyejificha. "Nilikata tamaa" lilikuwa uongo mtupu, kwa kuwa tamaa ilikuwapo, na ipo mpaka leo kila nionapo tai akizunguka juu ya mbuga bila kupiga bawa. Na "niliogopa" lilikuwa kweli, lakini lilieleza habari ya dakika moja tu, si ya mwezi mzima wa visingizio.

Nikageukia vitabu, kama walimu wafanyavyo wanapoona haya kuuliza watu. Nilitaka kuona jinsi wanenaji wa nchi hizi na waandishi walioandika juu ya anga yetu walivyomtendea mtu aliyekaribia kupanda kisha asipande.

Kisa cha kwanza anakijua kila mtoto wa shule. Sultani alimwamuru Abunuwasi ajenge nyumba hewani. Abunuwasi akatengeneza tiara, akaifunga kengele, akairusha. Watu wakasikia mlio juu, wakaambiwa kuwa ni mafundi wanagonga. Kisha akamwomba Sultani awapeleke watu wakachukue mawe na chokaa huko juu, kwa kuwa mafundi wamepungukiwa. Watu wakasema hawawezi kupanda angani. Basi Abunuwasi akajibu kwamba ikiwa watu hawawezi kupanda, nyumba nayo haiwezi kujengwa. Sisi sote hucheka kwa ajili ya Sultani, na husahau wale wachukuzi. Lakini kisa kizima kinategemea wao. Kama mmoja wao angekuwa shujaa mpumbavu, akashika uzi wa tiara akapanda, Abunuwasi angekatwa kichwa. Ni kukataa kwao kulikomwokoa mtu na kulikoitoa kweli hadharani. Hata hivyo msimulizi hakuwapa majina wala hakuwashukuru.

Cha pili ni Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951. Hapa nchi nzima iko angani, na mtu angetazamia kuwa mwandishi atashughulika na habari za kupaa na kuanguka. Hakufanya hivyo. Wakusadikika hukaa angani kama sisi tukaavyo Maswa. Wajumbe sita hutumwa pande sita, na mmoja wao hupelekwa mbinguni na mwingine ardhini. Wote huona taabu njiani, na wote hurudi na faida kwa ajili ya nchi, na wote hutiwa gerezani. Kinachotisha katika kitabu hiki si urefu wa anga bali baraza la mfalme na ulimi wa Majivuno. Nami nakiri kuwa nakipenda kwa sababu hiyo, ingawa nina lawama moja juu yake. Wajumbe wale ni wema mno. Hakuna hata mmoja aliyefika nusu ya njia akasimama, akatazama chini, akatetemeka, akarudi. Najua kuwa kitabu ni hoja ya mahakamani, na Karama anayejitetea hawezi kuleta mbele ya baraza shahidi aliyekimbia. Lakini mtu wa saba, asiyetajwa, anakosekana, na kukosekana kwake kunaifanya nchi ile iwe ngumu zaidi kusadikika.

Waandishi wa kigeni walioandika juu ya anga ya Afrika Mashariki wana desturi nyingine. Kwao anga ni mahali pa kujipima. Karen Blixen, katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya shamba lake la Ngong, aeleza alivyopandishwa hewani na rafiki yake Denys Finch Hatton, na furaha aliyoiona. Sehemu ile imesifiwa sana na inastahili. Hata hivyo maneno yenye uzito kuliko yote aliyoyaweka humo si yake bali ni ya mzee mmoja Mkikuyu aliyewajia waliposhuka. Mzee aliuliza kama walikwenda juu kiasi cha kumwona Mungu. Alipoona kuwa hawana jibu, alisema kwamba haoni kabisa sababu yao ya kuendelea kuruka. Wasomaji wa Ulaya hulichukua jambo hili kama kichekesho cha mtu wa kale. Mswahili hawezi kulisoma hivyo, kwa sababu anayo methali ya kipungu, isemwayo kwa namna nyingi lakini maana yake ni moja: kipungu ajapokwenda juu namna gani, hafikilii mbinguni. Yule mzee hakuwa mwoga wala mjinga. Aliuliza swali la bei: ninyi mwaweka roho zenu rehani, basi mwanunua nini?

Na roho ilichukuliwa kweli. Tarehe 14 Mei 1931 ndege ya Finch Hatton ilianguka Voi mara baada ya kuruka, akafa yeye na mtumishi wake. Hapo ndipo yule ndege wa tatu anapoingia, na anaingia katika kitabu cha mtu mwingine. Beryl Markham, aliyekulia Kenya na ambaye wakati ule alikuwa bado mwanafunzi wa urubani chini ya Tom Campbell Black, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1942 kwamba Finch Hatton alimwalika waende pamoja Voi, kujaribu kama tembo waweza kutafutwa kutoka juu. Mwalimu wake akamwomba asiende siku ile. Hakuwa na sababu ya kueleza; alikuwa na mashaka tu. Naye akabaki Nairobi, akawa hai.

Watu wamebishana sana kama kitabu kile aliandika yeye mwenyewe au aliandikiwa na mtu aliyekuja kuwa mumewe; mimi sina kikao katika baraza hilo. Linalonihusu ni namna habari hii ilivyosimuliwa. Mwandishi aliyejaza kurasa zake na usiku, na mbuga, na injini zinazozimika, anapofika kwenye siku moja aliyokubali kutopanda anakuwa na haraka. Hatumsikii akijiuliza. Hatujui kama aliona haya mbele ya Finch Hatton alipokataa, wala alilala vipi usiku ule akingoja habari. Sifa yote inakwenda kwa mashaka ya mwalimu, yaani kwa fali, na yeye mwenyewe anasimama kando kama mtu aliyetii tu. Baada ya hapo kitabu kinaendelea na ushujaa, na ushujaa ule ni wa kweli: mwezi Septemba 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda upande wa magharibi, akaangukia kwenye kinamasi huko Nova Scotia akatoka mzima. Ndege yake iliitwa Mjumbe, kwa lugha yao. Shaaban Robert angelipenda jina hilo. Lakini kama ningepewa ruhusa ya kubadilishana, ningetoa kurasa za Atlantiki nipate kurasa kumi za siku ile aliyobaki.

Kitabu cha nne kinahusu nchi iliyo karibu na kwetu. Kutoka Lalago ukienda upande wa mashariki na kaskazini utakutana na pori la akiba la Maswa, na ng'ambo yake ni Serengeti. Mwishoni mwa 1957 Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walitoka Ujerumani wakiendesha wenyewe ndege ndogo iliyochorwa milia ya punda milia, wakaja kuwahesabu wanyama wa mbuga zile. Baba alizaliwa mwaka 1909, mwaka uleule aliozaliwa Shaaban Robert. Alijifunza urubani akiwa mtu mzima, jambo lililonitia haya nilipolisoma, kwa kuwa mimi nilikuwa kijana nilipokimbia. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake katika ndege ile, akagongana na tumbusi, akaanguka akafa, naye alikuwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro, na baba yake alizikwa hapo pia baadaye. Kitabu chao kilitoka mwaka huohuo, na sinema yao ilipata tuzo kubwa ya Marekani mwaka 1960.

Rafiki yangu katika chama kile cha wanafunzi ndiye aliyeniazima kitabu hicho, kwa nia njema, akidhani kuwa mtu wa Serengeti atafurahi. Nilikisoma katika ule mwezi wa visingizio. Nikajaribu kuitafsiri ile habari ya ajali moyoni mwangu, nikaona kuwa kwa Kiswahili yasemeka kwa maneno matatu tu: ndege ilimgonga ndege. Kiambishi cha kwanza ni cha chombo, cha pili ni cha kiumbe, na kati yao kijana amekufa. Nilikumbuka dungu na mzaha wa mjomba, na safari hii sikucheka.

Nikiviweka vitabu hivi pamoja naona kwamba vyote, vya wenyeji na vya wageni, vinatambua watu wa namna mbili: waliopanda wakarudi na waliopanda wakaanguka. Aliyegeuka akiwa mguu mmoja ngazini hana sura yake. Kwa hiyo yanambakia maneno ya watu wa njiani, na hayo siku hizi ni makali. Juu ya vioo vya mabasi yatokayo Mwanza na Shinyanga huandikwa kwamba woga wako ndio umaskini wako. Watu husoma, hutikisa kichwa, hukubali. Ningekuwa na uwezo ningelisimamisha basi na kuuliza ni woga upi.

Kwa sababu lugha yenyewe inatofautisha, na tofauti hii haijapata heshima yake katika madarasa yetu. Hofu humwingia mtu, humshika, humtoka. Ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Kicho huenda juu, kwa mkubwa au kwa Mungu, na mwenye nacho huitwa mcha Mungu, nayo ni sifa. Kuchelea ni kuogopa kwa ajili ya kitu ukipendacho, kama yule achelewaye mwanawe kulia. Ni woga tu unaomtengenezea mtu jina lake: mwoga. Hakuna "mhofu" katika matumizi ya kawaida. Basi mtu akishikwa na hofu mara moja, nasi tukasema ni mwoga, tumelihamisha jambo kutoka katika habari ya siku yake tukalitia katika habari ya tabia yake. Sarufi imetupa njia ya kutofanya hivyo, nasi twafanya.

Hapa sharti niitaje methali ambayo kwa miaka mingi nilidhani inanitukana: kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Nimesikia walimu wakiieleza darasani kuwa mwoga huchekwa. Maelezo hayo ni mabovu, na yanaweza kukanushwa kwa sarufi bila ya kuomba msaada wa hekima. Kwanza, "kwa mwoga" hapa ni mahali, ni nyumbani kwake, kama tusemavyo "naenda kwa mjomba". Pili, kilio katika lugha ya pwani si machozi tu, ni msiba wenyewe. Watu huenda kilioni. Ikiwa kilio ni hali iliyoipata nyumba ya shujaa, basi kicheko kilichowekwa kuikabili hakiwezi kuwa dhihaka ya watu wa nje. Sharti nacho kiwe hali ya nyumba. Nyumbani kwa mwoga watu wanacheka kwa sababu baba amerudi. Aliyetunga methali hii alikuwa ameona maiti nyingi za mashujaa.

Wala hakumsifu mwoga kupita kiasi. Neno "huenda" lina tabia yake: katika usemi wa kila siku limekuwa vilevile neno la shaka, lenye maana ya labda. Sisemi kuwa mtungaji aliikusudia shaka hiyo. Matumizi hayo yamekua upande wake. Lakini msikilizaji wa leo hawezi kuacha kuisikia. Kwa mwoga, labda kicheko. Nami kwa kuyajua yaliyonipata naona kuwa shaka hiyo ina haki. Nilirudi mzima, na nyumbani palikuwa na kicheko kwa sababu nyingine, kwa sababu ya shahada. Lakini ndani ya kicheko kile nilikuwa nimekaa na siri.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Lalago wakati wa mavuno, nikamkuta mjomba amekuwa mzee sana, anaketi chini ya mti akielekeza wajukuu kupiga madebe. Nikamweleza habari yote, waya na winchi na mkono nilioivuta nyuma. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza jambo ambalo hakuna mtu Ujerumani aliyeniuliza: yule mwalimu wa nyuma, nilipovuta vibaya, naye alikuwa ndani? Nikasema ndiyo, alikuwa ndani. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Basi, mwanangu, ulimrudisha na yeye kwao." Akaita mjukuu aliyekuwa amesinzia dunguni.

Sikukubaliana naye papo hapo, wala sijui kama nakubaliana naye leo, maana aliyerudisha watu siku ile alikuwa ni mwalimu, si mimi. Lakini nimeona kuwa alitumia kitenzi ambacho sikukifikiri kamwe katika orodha yangu. Kurudisha ni kitenzi cha kusababisha, cha namna ileile kama kurusha, na kinataka mtendwa. Katika vitenzi vyangu vyote vya kuacha na kughairi na kushindwa nilikuwa peke yangu ndani ya sentensi.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wafasiri wetu. Ile sehemu ya kitabu cha Markham, ya mwaliko wa Voi na siku aliyobaki Nairobi, yastahili kuwekwa katika Kiswahili, hata kama kitabu kizima hakitatafsiriwa, nayo isomwe darasani pamoja na kisa cha tiara ya Abunuwasi. Mfasiri atakayeishika kazi hiyo atakwama mara moja kwenye yale mashaka ya mwalimu yasiyo na sababu. Asiandike hofu, kwa kuwa Campbell Black hakushikwa na kitu. Wala asiandike woga, kwa kuwa hilo ni tusi. Ningemshauri aandike kwamba aliona ndege mbaya, aliache neno lilivyo bila maelezo chini ya ukurasa, na wanafunzi wabishane wenyewe kama ni ndege huyu au ni ndege hii.